Kisa cha Kume: nzi wa matikiti alivyomalizwa kwa harufu kwanza, kisha kwa madume tasa

Kwa nini kisa hiki

Kila msimu wa matikiti hapa Pwani hakosekani mkulima wa kuniuliza: "Bwana shamba, wale nzi waliohasiwa tuliowaona kwenye simu, sisi tutaletewa lini?" Ameona video ya helikopta inamwaga nzi juu ya mashamba, na kwake hilo ni jepesi kuliko kuinama kuokota matango yaliyooza. Simlaumu hata kidogo. Ila jibu la kusimama njiani halimtoshi, kwa hiyo naeleza hapa kisa kizima cha mahali ambapo kazi hiyo ilianzwa, ikakwama, ikasogea na ikafika mwisho: kisiwa cha Kume, mkoani Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, kati ya 1972 na 1978.

Majina ya wakulima, mafundi na maofisa nimeyaacha nje. Kisiwa na miaka nimevitaja, maana bila hivyo hesabu zitakazofuata hazina pa kusimama.

Usuli: mdudu na soko lililofungwa

Mdudu mwenyewe tunamjua. Ni nzi wa jamii ya matango, Zeugodacus cucurbitae, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Dacus au Bactrocera. Ana rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, mistari ya njano mgongoni, na doa jeusi karibu na ncha ya kila bawa. Jike hutoboa ganda la tunda changa kwa mrija ulio nyuma ya tumbo na kuweka mayai ndani. Funza wanaanguliwa baada ya siku moja au mbili, wanakula nyama ya tunda, kisha wanatoka na kujizika kwenye udongo, sentimita chache tu chini, ili wageuke pupa. Tikiti, tango, boga, karela, dodoki, vyote ni chakula chake. Asili yake ni Asia, na Afrika Mashariki yuko tangu miaka ya 1930.

Japani alionekana mara ya kwanza mwaka 1919, katika visiwa vya Yaeyama, vilivyo jirani na Taiwani. Kutoka hapo akapanda kuelekea kaskazini, kisiwa kimoja baada ya kingine: Miyako mwaka 1929, Kume mwaka 1970, kisiwa kikuu cha Okinawa mwaka 1972. Muda mfupi baadaye akafika Amami, na mbele ya Amami hakuna visiwa vingi kabla ya Kyushu, penye mashamba makubwa ya mboga.

Mwaka huohuo wa 1972, mwezi wa Mei, Okinawa ilirudishwa Japani baada ya miaka mingi chini ya utawala wa Marekani. Kwa mkulima wa karela wa Okinawa (wao wanaiita goya, na ni mboga yao ya kila siku) hilo lilikuwa na maana moja ya haraka. Sasa alikuwa ndani ya nchi yenye soko kubwa la Tokyo na Osaka, lakini sheria ya karantini ilimzuia kupeleka huko tunda lolote ambalo nzi huyu anaweza kutagia. Anaruhusiwa kulima, anaruhusiwa kula, ila kupakia melini haruhusiwi.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi wa kwanza, na ndio uliobeba mengine yote. Lengo lilikuwa kummaliza nzi kisiwani asibaki hata mmoja. Kumpunguza tu kusingesaidia kitu, kwa kuwa karantini haijui habari ya nzi wachache. Mkulima anayeuza sokoni kwetu akipunguza hasara yake kutoka nusu ya shamba hadi robo, amepata faida. Wa Okinawa, hata nzi akibaki mmoja kati ya elfu, lango limefungwa vilevile. Ukisoma kisa hiki na kukisahau kipengele hiki, utashangaa kwa nini walitumia fedha nyingi hivyo.

Kwa nini harufu peke yake haikutosha

Silaha ya kwanza iliyokuwapo ilikuwa vivutio. Madume wa nzi wengi wa matunda wana udhaifu wa ajabu: kuna harufu fulani wakiisikia hawajiwezi. Nzi wa maembe tuliye naye sasa, Bactrocera dorsalis, aliyenaswa mara ya kwanza Kenya na Tanzania mwaka 2003, anavutwa na methili yujenoli. Nzi wa matikiti anavutwa na kingine, kinachoitwa kyulua. Unachanganya kivutio na kiuatilifu, unalowesha pamba, kamba au kipande cha ubao laini, unatawanya shambani na porini. Dume anakuja, analamba, anakufa. Madume wakiisha, majike wanabaki na mayai yasiyorutubishwa.

Kwa nzi wa maembe mbinu hiyo ina historia nzuri. Kisiwa cha Rota, katika visiwa vya Mariana, kilimalizwa nzi huyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa methili yujenoli na dawa tu. Okinawa yenyewe baadaye ilimwondoa vivyo hivyo, na kufikia 1986 hakubaki. Basi kwa nini wasifanye hivyohivyo kwa nzi wa matikiti?

Kwa sababu kyulua ni dhaifu ukiilinganisha na methili yujenoli. Haivuti kwa umbali ule wala kwa nguvu ile, na madume kadhaa hupata muda wa kupanda majike kabla ya kuangukia pamba. Dume mmoja aliyesalia anaweza kurutubisha majike wengi, kwa hiyo ukiua madume tisa kati ya kumi bado huenda hujagusa uzazi hata kidogo. Hapa ndipo wakulima wetu wengi wanapodanganyika. Chupa imejaa nzi, mtu anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na matikiti yanaendelea kudondoka. Imwage hiyo chupa juu ya karatasi nyeupe, uwageuze nzi mmoja mmoja kwa njiti ya kiberiti, utazame mwisho wa tumbo. Wote ni butu. Mrija mrefu uliochongoka, ule wa kutobolea tunda, huuoni kwa hata mmoja, maana majike hawakuja. Wako kwenye tikiti.

Rota hiyohiyo ilikuwa imeshatoa fundisho. Nzi wa matikiti aliyekuwa kisiwani humo hakuondolewa kwa kivutio, bali kwa chambo cha protini kikifuatiwa na nzi tasa, yaani madume ambao jike akipandwa nao mayai yake hayaanguliwi. Watu wa Okinawa walikuwa na mfano huo mkononi.

Kilichofanyika Kume

Kume kilichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka. Kiko peke yake baharini, yapata kilomita 100 magharibi ya kisiwa kikuu, eneo lake ni kama kilomita za mraba 60, na nzi alikuwa ameingia miaka miwili tu kabla ya mradi kuanza. Kikishindwa, hasara ni ndogo. Kikifaulu, wana ushahidi wa kuombea fedha za visiwa vikubwa.

Kazi ya miaka ya mwanzo haikuwa na lolote la kuvutia. Walifuga nzi ili kujifunza kumfuga, wakatega mitego, wakakamata nzi, wakawatia alama, wakawaachia na kuwakamata tena ili kukadiria wako wangapi. Wakaorodhesha mimea yote ambayo anatagia, pamoja na matango mwitu yanayotambaa vichakani ambayo hakuna mkulima aliyeyapanda. Kazi hii huwa haipigwi picha, na wafadhili wengi wangeikata kwenye bajeti. Mimi naiona ndiyo msingi wa kila kitu kilichofuata, kwa sababu bila kujua idadi ya nzi wa porini huwezi kujua unahitaji nzi tasa wangapi.

Kisha wakapunguza. Vipande vyenye kyulua na dawa vilitawanywa kisiwani, na chambo cha protini chenye kiuatilifu kikapulizwa. Hiki cha pili ndicho kinachowagusa majike: jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo anaifuata. Idadi ya nzi ikashuka sana, na hapo vivutio vya kuua vikaachwa. Nao huo ulikuwa uamuzi ambao mtu anaweza kuukosea kwa nia njema, akisema "tuendelee kutega huku tukiachia, tupate faida mbili." Pamba yenye kyulua haimtambui dume tasa na dume wa porini. Ukiiacha ikining'inia, unafuga nzi kwa gharama kisha unawaua mwenyewe.

Nzi tasa walianza kuachiwa Februari 1975. Mafugo yalikuwa kisiwa cha Ishigaki, huko Yaeyama, kusini zaidi, penye nzi tayari, ili hata wakitoroka kusiwe na hatari mpya. Funza walilelewa kwenye chakula cha kuchanganywa cha pumba, hamira na sukari. Walipogeuka pupa na kubakiza siku chache kabla ya kutoka nzi, walipigwa mionzi ya gama ya kobalti 60, kipimo cha grei 70. Kipimo hicho kinaharibu mbegu za uzazi lakini kinamwacha dume na nguvu ya kuruka na kutongoza. Nzi hawi na mionzi ndani yake baada ya hapo, kama ambavyo mgonjwa aliyepigwa picha ya kifua hatoki hospitalini akiangaza. Naeleza hili kwa sababu kwenye mikutano ya vijiji ni la kwanza kuulizwa, na wanaouliza wana haki.

Pupa walisafirishwa hadi Kume na kuwekwa kwenye vyombo vilivyotundikwa mitini, wakatoka wenyewe na kuruka. Madume na majike waliachiwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwatenganisha kwa mamilioni.

Mwanzoni waliachia kama milioni moja kwa wiki, na nzi wa porini hawakutikisika. Huo ulikuwa wakati mgumu wa mradi. Kuna njia tatu mtu anaweza kwenda akifika hapo: kusema mbinu haifai, kurudi kwenye dawa, au kuongeza. Wao walirudi kwenye takwimu zao za mitego. Nzi tasa huwa wanapakwa unga wa rangi inayong'aa wakiwa bado pupa. Nzi anapotoka hupasua gamba kwa kifuko kinachovimba usoni, kisha kifuko kinarudi ndani ya kichwa na kubaki na chembe za rangi. Ukimnasa mtegoni baada ya wiki mbili, hata kama mvua imemwosha, unapasua kichwa chini ya taa ya urujuanimno na rangi inaonekana. Kwa njia hiyo unajua, kwa kila eneo, kuna tasa wangapi kwa kila mmoja wa porini. Takwimu zilisema uwiano ni mdogo. Wakaongeza hadi milioni mbili, na hatimaye karibu milioni nne kwa wiki.

Sasa mayai yaliyokusanywa kutoka kwenye matunda yakaanza kushindwa kuanguliwa. Matunda yenye funza yakapungua, kisha yakakosekana. Ukafuata ukaguzi rasmi wa matunda, maelfu kwa maelfu, na mwaka 1978 Kume kikatangazwa hakina nzi wa matikiti.

Hesabu inayobeba kisa chote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkulima akiielewa hesabu hii hahitaji kuhubiriwa tena. Tarakimu hizi ni za mfano, si za Kume.

Chukua eneo lenye majike milioni moja na madume milioni moja wa porini. Kila jike aliyerutubishwa anatoa majike watano wanaofika utu uzima. Ukiachia madume tasa milioni moja bila kupunguza kwanza, nusu ya majike watapandwa na tasa. Wanabaki laki tano wenye uzazi, mara watano, kizazi kijacho ni milioni mbili na nusu. Umetumia fedha zote hizo, na nzi wameongezeka.

Sasa punguza kwanza kwa chambo na vivutio hadi wabaki majike elfu hamsini na madume elfu hamsini, kisha achia milioni ileile. Uwiano ni 20 kwa 1. Jike mmoja tu kati ya 21 anapata dume mzima, yaani kama 2,400, mara watano ni 12,000. Kizazi kinachofuata, milioni ileile ya tasa ni kama 83 kwa 1. Wanaopata uzazi ni kama 140, na watoto wao 700. Kizazi cha tatu uwiano unapita 1,400 kwa 1, na jike mwenye bahati ya kukutana na dume mzima hapatikani.

Tazama mwelekeo wake. Dawa inafanya kazi nzuri nzi wakiwa wengi, na kadiri wanavyopungua ndivyo kumtafuta yule wa mwisho kunavyogharimu zaidi. Nzi tasa ni kinyume chake: wakikuta wenzao wengi wanamezwa, wakikuta wachache wanamaliza, kwa sababu dume tasa anamtafuta jike mwenyewe hata kwenye kichaka ambacho hakuna bomba la dawa litakalofika. Ndiyo maana hizi mbili si mbinu za kuchagua moja. Moja inaandaa njia, ya pili inafunga kazi, na mpangilio wake haugeuzwi.

Hesabu hiyo imedhani kwamba dume tasa anatongoza sawasawa na wa porini. Hilo halikuwa kweli, na kisa kinaendelea hapo.

Baada ya Kume

Kwa ushahidi wa Kume, serikali ilijenga kiwanda kikubwa Naha, mji mkuu wa Okinawa, chenye uwezo wa kutoa zaidi ya nzi milioni 100 kwa wiki. Kwenye visiwa vikubwa helikopta ilichukua kazi: nzi wazima walipozwa kwa baridi hadi wakazubaa, wakamwagwa kutoka juu, wakaamka wakiwa njiani kushuka. Miyako ilitangazwa safi 1987, Amami 1989, kisiwa kikuu cha Okinawa 1990, na Yaeyama, pale nzi alipoingilia, mwaka 1993. Jumla ya nzi tasa walioachiwa inapita bilioni 50. Goya ikaanza kupanda ndege kwenda Tokyo, na leo Wajapani wengi wanaiona ni mboga ya kawaida.

Kilichofaa

Naanza na kisiwa chenyewe. Bahari ilifanya kazi ambayo hakuna mradi unaoweza kuilipia, yaani kuzuia majike waliokwisha kupandwa wasiingie kutoka kwa jirani. Jike wa namna hiyo hababaishwi na dume tasa, kwa kuwa amekuja na mimba yake.

La pili ni kwamba mradi ulifanywa kwa eneo lote, si kwa shamba. Hakuna mkulima aliyeombwa kununua nzi, na hakuna aliyeruhusiwa kusema "langu liacheni." Matango mwitu ya vichakani yalihesabiwa sawa na bustani.

La tatu ni ule ukaidi wa kupima. Nikiambiwa nichague jambo moja la Kume la kuiga, nitaacha mionzi na helikopta, nichukue zile jedwali za mitego. Wakati milioni moja kwa wiki ilipoonekana haifanyi kitu, waliokuwa na tarakimu walijua wanahitaji kuongeza, na kwa kiasi gani. Bila tarakimu pangebaki mabishano ya ofisini.

Kilichokwama

Nzi wa kiwandani hawi yuleyule baada ya vizazi vingi. Ndani ya kizimba anayetaga mapema ndiye anayeacha watoto wengi, kwa sababu mayai yanakusanywa mapema. Hakuna sababu ya kuruka mbali. Kutongoza hakuhitaji ustadi maana majike wamejaa pembeni. Watafiti wa Okinawa waliona uwezo wa kuruka wa nzi wao ukishuka, na tabia za kupandana zikibadilika.

Porini mambo ni tofauti kabisa. Nzi wa matikiti hupandana jioni, jua likizama. Madume hukusanyika kwenye majani, kila mmoja na jani lake, akipepea mabawa na kutoa harufu, na jike anapita akichagua. Kusini mwa kisiwa kikuu cha Okinawa palikuwa na maeneo ambapo nzi wa porini waligoma kwisha hata tasa walipoachiwa kwa wingi, na uchunguzi ukaonyesha kuwa majike wa huko walikuwa wanawakataa madume wa kiwandani. Fikiria: ukiwamwagia majike wote madume wasioridhisha kwa miaka, wanaobaki na watoto ni wale wenye kuchagua vikali. Mradi ulikuwa unawafuga wabishi bila kukusudia. Jibu lilikuwa kuongeza tasa kwenye maeneo yale sugu, hadi kikaeleweka.

Vivutio navyo vina ugonjwa wa aina hiyo. Katika visiwa vya Ogasawara, mbali upande wa Pasifiki, nzi wa maembe alipunguzwa kwa methili yujenoli lakini hakwisha, na madume waliobaki walikuwa wale wasiojali harufu ile. Ikabidi kumalizia kwa nzi tasa, na tangazo likatolewa 1985. Yaani hata kivutio chenye nguvu kuliko vyote, kikitumika peke yake kwa muda mrefu, kinaweza kuchuja na kubakiza wale kisiowaweza.

Na gharama haikwisha 1993. Kutoka Yonaguni, kisiwa cha mwisho cha Yaeyama, hadi Taiwani ni kilomita 110 tu, upepo na mizigo havina pasi ya kusafiria, kwa hiyo nzi tasa wanaendelea kuachiwa kama kinga na mitego inaendelea kusomwa. Mwanasiasa anayesema "tutamaliza halafu tutaacha" hajasoma kisa hiki mpaka mwisho.

Kwa shamba la hapa kwetu

Afrika Mashariki si mgeni wa nzi tasa. Unguja ilimwondoa mbung'o kwa njia hii: kwanza ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa, ndipo madume tasa waliofugwa Tanga wakaanza kuachiwa kwa ndege mwaka 1994, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Mpangilio ni uleule wa Kume. Tofauti ni kwamba mbung'o huzaa funza mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo milioni nane ziliweza. Nzi wa matikiti anataga mamia, na Okinawa walihitaji mabilioni. Anayetumia mfano wa Unguja kuahidi nzi tasa kwa matikiti ya bara anaruka hatua hiyo, pamoja na bahari.

Kwa hiyo mkulima wa ekari mbili Mkuranga au Kilifi nikimjibu kwa ukweli, namwambia nzi tasa si kitu cha kununua dukani na hakitafika kwake kama mtu mmoja. Sehemu ya kwanza ya kisa cha Kume, ile ya kupunguza, ndiyo iliyo ndani ya uwezo wake, hasa akishirikiana na majirani. Mtego wa kyulua autumie kujua nzi wameanza lini kuongezeka, kabla maua hayajawa vitunda. Kwa majike, chambo cha protini kipulizwe kwa madoa kwenye majani, si juu ya tunda, na kwenye mimea ya pembezoni, kama mahindi yaliyo kando ya shamba, maana nzi huyu hushinda humo na kuja kwenye matikiti kutaga. Tunda lililotobolewa lisiachwe chini wala kutupwa kichakani. Litiwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufungwe na kuanikwa juani mpaka funza wafe, au lifukiwe nusu mita. Karela na matango machache ya kuuza kwa bei nzuri yanaweza kuvishwa mifuko ya karatasi yakiwa bado machanga.

Na nzi wa maembe asichanganywe na huyu. Mtu akitundika kyulua kwenye mwembe na kukuta chupa tupu, hana ushahidi kwamba shamba lake ni salama. Ametega harufu isiyo ya mdudu wake.

Okinawa yenyewe iko kazini tena. Jamaa wa karibu wa nzi huyu, Zeugodacus tau, ameenea huko, na mwaka 2025 serikali iliweka vizuizi vya dharura vya kusafirisha karela, maboga na mengine ya jamii hiyo kutoka kisiwa kikuu. Yeye pia anaifuata kyulua, ila kivivu zaidi. Madume tasa wa nzi wa matikiti hawamhusu, kwa kuwa ni wa spishi nyingine. Wameanza tena na mitego, orodha ya mimea ya porini, na kuokota matunda yaliyoanguka.